Shingo ya Kwanza ya Krenki

Wifi yangu aliingia sebuleni kwangu na injini kabla hata hajanisalimia. Wanaume wanne walikuwa wameibeba juu ya mbao mbili, jasho linawatiririka, naye ametangulia mbele anawaonyesha njia kana kwamba nyumba ni yake.

"Hapo," akasema, akinyoosha kidole kwenye meza yangu ya kupigia pasi.

"Wifi, na mimi nguo nitapigia pasi wapi?"

"Kitandani."

Ndiyo salamu yangu hiyo. Nikauma ulimi, nikaondoa pasi na sare za watoto, maana kubishana na yule mwanamke ni kujichosha bure. Meza ililia, lakini ikavumilia.

Wifi ni dada wa mume wangu, mtoto wa kati. Juu yake yupo kaka yao, chini yake yupo mume wangu, kitinda mimba. Anafanya kazi kwenye karakana inayosaga krenki, yale machuma mazito yaliyopinda-pinda yanayozunguka chini ndani ya injini na kulisukuma gari zima. Alianza pale kwa kufagia unga wa chuma. Akawa anafagia huku anachungulia. Siku moja mpimaji akaugua, yeye akashika vipimo, na mpimaji alipopona alikuta kiti kina mtu.

Kazini wanamwita Nukta. Kwa watu wa karakana ile, nukta moja ni sehemu ya mia ya milimita, kitu ambacho jicho langu haliwezi kukiona, na yeye anaongea kwa nukta kama sisi wengine tunavyoongea kwa siku na wiki. Sijawahi kumsikia akisema kitu ni kizuri. Husema kiko sawa, au hakiko sawa. Aliwahi kuposwa na muuza vipuri, mwanamume mcheshi, mtu wa watu, na posa ikavunjika kwa sababu aliingia dukani kwake, akapima beringi mojawapo, akatangaza mbele ya wateja kwamba ni bandia. Alipoulizwa kama hakumpenda yule bwana, alijibu kwamba alimpenda, lakini beringi haikuwa sawa.

Wakati fulani karakana yao iliingiwa na udokozi. Maikromita, kile kipimo cha mkononi kinachobana chuma kati ya taya mbili na kukuambia unene wake, ilitoweka mezani mchana kweupe. Tangu hapo Nukta akawa anaificha yake kifuani, ndani ya sidiria, pale pale ninapoweka mimi noti za sokoni. Akitaka kupima anaitoa, akimaliza anairudisha. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma. Mume wangu alikuwa anasema dada yake ndiye mwanamke pekee duniani anayenyonyesha chuma.

Siku hizo bado tulikuwa tunacheka pamoja. Mume wangu alikuwa fundi wa magari, na baba yao, ingawa alikuwa kitandani na maradhi, alikuwa bado hai. Gari lake la zamani, lenye taa za mviringo na usukani mwembamba, alilitoa kwa watoto wote watatu, akasema hataki kulisikia limeoza uani. Basi mume wangu akaishusha injini na kuifungua yote. Nukta akasaga krenki kule karakanani. Mume wangu akaifunga upya, ikawaka kwa mara ya kwanza, na baba yao akaomba dirisha lifunguliwe aisikilize.

Shemeji, yaani kaka yao, ndiye aliyelichukua kwa safari ndefu ya kwanza. Akiwa anapandisha mlima, injini ikanoki. Chuma kikakamata chuma ndani kwa ndani, magurudumu yakagoma, gari likaserereka mpaka mtaroni. Shemeji alitolewa humo mguu umevunjika mahali pawili, na mpaka leo anatembea kwa fimbo.

"Mdogo wangu kanivunja mguu." Aliyasema hayo hospitalini, akayasema kwenye msiba wa baba yao, akayasema kwenye harusi ya binti yake mwenyewe, mbele ya wakwe. Mume wangu hakujibu hata mara moja. Alizikusanya spana zake kwenye gunia, akalisukuma chini ya kitanda chetu, akaenda kuuza madaftari na kalamu kwenye duka la mtu. Mtaani walikuwa wanamwita Fundi. Taratibu wakaacha, na mimi nikaanza kuitwa mke wa yule wa madaftari. Usiku nikishusha mguu kitandani naligusa lile gunia kwa kisigino, na moyo unaniuma upya.

Sasa shemeji alikuwa ameamua gari liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nukta akakataa. Alimwambia injini ataifufua yeye mwenyewe, lakini kwanza ataifungua na kuipima, ijulikane ilikufa kwa nini.

"Pima," shemeji alijibu. "Na mimi nitakuwepo. Ikionekana ni kazi ya mikono ya mdogo wetu huyu, atatamka mwenyewe mbele yetu kwamba alikosea. Halafu gari liende kwenye chuma chakavu, na neno fundi nisilisikie tena kwenye ukoo huu."

"Sawa, kaka," mume wangu akasema, kwa upole ule ule wa mtu anayemrudishia mteja chenji. Nilitamani nimrushie sufuria.

Ndiyo maana injini ilikuja kwangu na si kwingine. Nukta alisema mdogo wake lazima awepo, na mdogo wake hakanyagi kwa kaka yake. Nikamwona kama hakimu aliyeamua kusomea hukumu sebuleni kwa mshtakiwa. Nilimchukia jioni ile, sifichi. Aliifungua injini kwa mikono yake, akaosha kila kipande kwa mafuta ya taa mpaka nyumba nzima ikanuka, akavipanga vyote juu ya shuka langu la zamani. Kisha akatoa vipimo vyake kwenye mkoba, vimefungwa kwenye flana kama vitoto vichanga, akavilaza kando ya krenki.

"Vilale chumba kimoja mpaka kesho," akasema. "Na asubuhi usifungue pazia. Sitaki jua."

"Vilale pamoja kama maharusi?"

"Kama vyuma, wifi."

Nikadhani ni yale yale ya kujifanya mtaalamu. Nikaenda zangu jikoni.

Kesho yake shemeji alifika mapema. Tulikuwa tumelisukuma kochi ukutani, akaketi hapo, fimbo katikati ya magoti. Watoto niliwapeleka kwa jirani. Mume wangu alisimama mlangoni, si ndani si nje, na nilipomletea kiti alikishika tu mgongo. Nukta alikamata vipimo kwa kitambaa, hata kimoja hakukigusa kwa vidole vitupu. Alikuwa na kipande cha chaki, na kila alichosoma alikiandika kwenye mlango wa kabati langu la vyombo. Nilifungua mdomo nimwambie kabati si ubao wa shule. Nikaufunga.

Alianza na silinda, yale matundu manne ambamo pistoni hupanda na kushuka. Na mimi nilikuwa na hesabu zangu. Kama shemeji aliendesha bila maji, injini ikachemka, basi kuta za silinda zingekuwa zimekwaruzika na kupanuka. Nilikuwa nimeomba hivyo tangu alfajiri, na sioni haya kusema nilichoomba. Nukta alizamisha kipimo chenye uso kama wa saa, akakisoma juu, katikati na chini, kisha akakigeuza akasoma upande wa pili, maana silinda iliyochoka huwa haichakai duara, inachakaa yai. Mshale ulikuwa unacheza kidogo, unatulia. Nikawa naufuata kama naweza kuusukuma kwa macho.

"Sawa," akasema. Akahamia ya pili. "Sawa."

Alipomaliza ya nne, shemeji akakohoa. "Kwa hiyo maji niliweka."

"Uliweka," Nukta akajibu.

"Nilisema. Nani alinisikiliza?"

Akafungua pampu ya oili, akaichunguza meno kwa tochi, akapima uwazi wake. Pampu nayo ilikuwa sawa, na oili ilikuwa inafika. Shemeji alikuwa ameshatoka mtegoni, na aliyebaki ndani alikuwa mume wangu peke yake.

"Vikofia," Nukta akasema.

Hivyo ni vile vipande vinavyofunika beringi kwa chini na kukazwa kwa bolti. Kila kimoja kina namba yake na upande wake, na fundi mwenye haraka akivichanganya, injini haitafika mbali. Nilikumbuka vizuri jinsi mume wangu alivyoifunga ile injini, akikimbizana na maradhi ya baba yake ili mzee aisikie ikiwaka. Haraka ilikuwepo. Nilimtazama, yeye alikuwa anaitazama sakafu. Nukta akachukua kikofia cha kwanza, akakipeleka kwenye mwanga wa tochi, akakigeuza. Akachukua cha pili. Alivipanga vyote, akavisoma tena kutoka mwisho.

"Vimefungwa sawa. Hakuna kilichogeuzwa, hakuna kilichopigwa tupa."

Shemeji akagonga fimbo sakafuni.

"Maji sawa, oili sawa, vikofia sawa. Basi mguu wangu ulivunjwa na upepo?"

"Bado krenki," Nukta akasema.

Nikiri kwamba kama angeishia hapo ningemkumbatia. Lakini yule hajui kuishia. Akaiinua krenki na kuilaza kwenye vigingi viwili vya mbao. Ina shingo nne za mviringo, na kila shingo inakumbatiwa na mkono wa pistoni mmoja. Kati ya shingo na beringi huachwa nafasi ya oili, nukta tatu tu. Nafasi ikizidi, injini inagonga. Ikipungua sana, oili inakosa pa kupita na chuma kinaungua. Hayo nilikuwa nayajua, maana sikuolewa na fundi kwa kusinzia.

Alianza na shingo ya nne, ya nyuma kabisa. Akaibana kwa maikromita, akasoma, akazungusha robo, akasoma tena. "Sawa."

Ya tatu ilimchukua muda mrefu zaidi. Alisoma, akafuta taya za kipimo kwa flana, akasoma upya. Kwenye kabati akaandika kwamba imezidi nusu nukta. Kwa ya pili alipima, akapima tena. Alipogeuka kuandika, chaki ikakatika mkononi mwake. Aliokota kipande akaandika: imezidi, karibu nukta nzima.

"Imezidi maana yake imesagika?" nikauliza.

"Kusagika hupunguza chuma, wifi. Hakuongezi."

Alisema bila kunitazama. Nilisimama pale na trei ya chai, nikijaribu kuyapanga maneno yake kichwani. Shingo imekuwa nene kuliko inavyotakiwa. Safari haikuinenepesha. Ilikuwa nene tangu siku ilipowekwa ndani ya injini, na aliyeiweka ni mume wangu. Chai ikaanza kumwagika kwenye trei.

Ikabaki shingo ya kwanza. Hiyo hata mimi niliona kwamba ndipo mahali pa kifo. Ilikuwa imegeuka rangi ya bluu na nyeusi, imechanika mistari, na beringi ilikuwa imeyeyuka na kuigandia.

"Hiyo haipimiki," shemeji akasema, akiinama mbele.

"Ndiyo, haipimiki," nikadakia haraka. "Wifi, kunywa chai."

Ndipo mume wangu aliposogea, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Alikuja mpaka mezani akaweka mkono juu ya krenki.

"Dada, iache hiyo."

Alisema kwa sauti ya kuomba. Nilisikia humo kukiri kwake. Shemeji naye alisikia hivyo hivyo, kwa sababu alijiegemeza kwenye kochi akakunja mikono, kama mtu aliyeona bili imepelekwa kwa mwingine.

"Toa mkono," Nukta akasema.

"Dada, nakuomba. Imeshapita."

"Mdogo wangu. Toa mkono."

Akautoa. Nukta akafungua flana nyingine na kutoa maikromita ambayo taya zake zilikuwa nyembamba kama visu vya kupakia siagi. "Katikati imeharibika," akasema, "lakini ukingoni kabisa beringi haifiki. Pale chuma kimebaki kama kilivyotoka kwenye mashine." Akaziingiza taya kwenye ule ukingo. Akasoma. Nje kulikuwa na mtu anauza ndoo za plastiki na anapiga kelele, na mimi nilitamani nimzibe mdomo.

"Nukta moja na robo."

Aliweka kipimo chini, akarudi nyuma, akaitazama ile safu ya chaki kwenye kabati langu.

"Sema tukuelewe," shemeji akasema.

"Ya nne iko sawa. Ya tatu imezidi nusu, ya pili karibu moja, ya kwanza moja na robo. Ni ngazi, kaka. Inapanda."

"Na nani kaijenga hiyo ngazi?"

"Mimi."

Nukta alikaa kwenye kiti alichokikataa mume wangu, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mwanamke aliyechoka.

"Ilikuwa msimu wa baridi," akaanza. "Niliingia karakanani alfajiri niwahi kumaliza krenki ya baba kabla ya kazi za wateja. Nikaanza na shingo ya kwanza. Chuma kilikuwa baridi kama barafu, na kipimo nilikuwa nakitoa hapa." Akajigusa kifuani. "Kimepata joto langu. Chuma kikipata joto kinatanuka, taya zinakaa mbali zaidi ya zinavyosema. Kipimo kikaniambia shingo imeshafika unene wake, kumbe bado ni nene. Nikaacha kusaga. Nikakirudisha kifuani, nikaenda ya pili. Jua likawa linapanda, bati linapata moto, karakana inafikia joto langu. Nilipofika ya nne ilikuwa mchana, kila kitu kina joto moja, ndiyo maana ile iko sawa. Na mimi sipendi ulegevu, mnanijua. Ile nafasi ya oili nilikuwa nimeshaibana tangu kwenye hesabu. Pale kwenye ya kwanza nikaimaliza."

"Ulijua lini?" shemeji akauliza.

"Leo. Lakini nimeogopa muda mrefu. Mkaguzi wa vipimo alikuja kazini akanikuta naitoa kifuani. Alishtuka. Akaniambia kipimo na chuma lazima vilale chumba kimoja. Tangu siku hiyo nikisikia unasema mdogo wako kakuvunja mguu, nakosa pa kutazama."

Kumbe nilikuwa namwona hakimu mtu aliyekuja kujishtaki. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Angeweza kuishia kwenye ile shingo iliyoungua. Sisi sote tulimwambia haipimiki, na hakuna kati yetu ambaye angejua tofauti.

Nikamgeukia mume wangu. Nilitegemea nimwone analia, au anacheka, au ameshika kichwa. Alikuwa amesimama vile vile, na uso wake haukuwa na mshtuko wowote.

"Ulikuwa unajua," nikamwambia.

Akaigeukia krenki.

"Nakuuliza wewe, baba watoto. Ulikuwa unajua?"

"Nilipoizungusha kwa mkono wakati wa kuifunga, ilikuwa inaganda kidogo, hapo mbele," akasema. "Nikajiambia, Dada kapima. Sikupima nyuma yake. Kosa langu ni hilo. Injini ilipokufa, nikaelewa."

"Na ukanyamaza!"

"Baba alikuwa kitandani. Dawa zake zote zilikuwa zinatoka kwenye mshahara wa Dada. Karakana wangesikia, angemwaga unga."

"Na baba alipotutoka?"

"Nilikuwa nimeshazoea," akasema.

Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumzaba kofi, na kwa kweli sikujua nianze na lipi. Nikamwambia yote mbele ya ndugu zake, sikujali. Nikamwambia amemhifadhi baba, amemhifadhi dada, ameihifadhi na karakana ya watu, ila mke wake akamwacha anatazamwa kwa jicho la huruma sokoni kama aliyeolewa na mwuaji. Nikamwambia nimelala juu ya gunia la spana miaka yote hii nikidhani nalala juu ya kosa lake. Yeye alisema tu, "Nisamehe," na sikumsamehe siku ile. Ilinichukua muda, na mpaka leo nikikumbuka kuna siku namnyima sukari kwenye chai.

Nukta alikuwa amejifunika uso kwa ile flana ya vipimo. "Mdogo wangu, ungeniambia."

"Ungeniamini, Dada?"

"Ningepima."

Shemeji alikuwa bado kwenye kochi. Alikuwa anauzungusha mpini wa fimbo kiganjani, taratibu, na mimi nilikuwa namsubiri kwa hasira. Nilikuwa na maneno yamejipanga tayari, ya msibani na ya harusini, kama angethubutu kufungua mdomo vibaya.

"Sasa mguu huu nimdai nani?" akauliza.

"Nidai mimi," Nukta akasema.

Alimtazama dada yake, akaitazama ile krenki, kisha akaitazama kandambili ya mume wangu. Macho hayakupanda juu zaidi ya hapo.

"Ukiifunga tena," akasema, "itachukua muda gani, fundi?"

Mume wangu alilazimika kushika ukingo wa meza. "Inategemea vipimo, kaka."

"Vipimo vyake," Nukta akasema. "Si vyangu."

Krenki ikasagwa tena kwa ukubwa wa chini yake, ule wa mwisho uliobaki. Baada ya hapo haisagiki tena, na ya namna hiyo haipatikani popote. Nukta aliisaga kwa uangalifu wa kuogopesha, akaileta kwangu ikiwa na akiba ndogo ya chuma bado, ili ipimwe kabla ya kumaliziwa. Ikalala sebuleni na vipimo vyake. Asubuhi tulikuwa wote wanne tena, kila mtu mahali pake pa kwanza, isipokuwa mume wangu, ambaye alikuwa ameinama chini ya kitanda analivuta gunia. Nilisikia spana zikigongana nikajifanya nahangaika na birika.

Nukta akapima shingo zote nne. Mkono ulikuwa unamtetemeka na alikuwa anaona aibu kwamba tunauona. Akaziandika kwenye kabati, kila moja akiba sawa na mwenzake. Halafu akaiweka maikromita juu ya flana na kumsogezea mdogo wake.

"Pima nyuma yangu."

Mume wangu alifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa hajashika kipimo tangu siku ile ya mtaroni. Akapima ya nne, akaitikia kwa kichwa. Ya tatu, akaitikia. Ya pili. Kwenye ya kwanza alisoma, akazungusha, akasoma. Aliinua macho akamtazama dada yake, na mimi nilimjua mume wangu vya kutosha kujua anataka kunyamaza. Nilimkazia macho kutoka mlango wa jikoni. Nadhani ningemrushia lile birika.

"Si sawa, Dada," akasema. "Imezidi nusu."

Fimbo ya shemeji ikaacha kuzunguka.

"Rudia," Nukta akasema.

Akarudia. "Nusu."

Nukta akainuka, akachukua kipimo kwa kitambaa, akainama. Alipima, akasubiri mkono utulie, akapima tena, na kwa mara ya tatu akafumba jicho moja kabisa. Kisha akaenda kwenye kabati, akafuta namba yake kwa kiganja, na pale pale kwenye vumbi jeupe akaandika ya mdogo wake.

"Inarudi kwenye mashine," akasema. Akanigeukia. "Wifi, meza yako bado naihitaji."

Nikamwambia hata kabati achukue.